Maji Yaliyotulia Siku Tatu

Siku Emile Sumaili alipotoweka ilikuwa Jumanne, na asubuhi yake haikuwa na kitu cha kukumbukwa. Alikunywa chai kavu, akamwambia Véronique, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha Kitamuna, kwamba leo atafika chini, kisha akachukua mtarimbo na kuendelea kuchimba shimo katikati ya sakafu ya maabara. Adhuhuri Véronique aliitwa kwa mama aliyekuwa akijifungua ng'ambo ya mto. Aliporudi saa kumi na moja, shimo lilikuwa limefunikwa kwa mbao mbili, na mtarimbo umelala juu ya mbao. Viatu vya Emile, vile vya plastiki vya kijani, vilikuwa mlangoni, kimoja mbele kidogo ya kingine.

Tangu hapo hakuna aliyesema amemwona.

Inspekta Célestine Tabu alifika siku ya kumi na nne, Jumatatu, bila kutanguliza habari. Alikuwa ametoka Kasongo kwa pikipiki, akalala Wamaza, akavuka mito miwili huku pikipiki ikibebwa na watu mabegani. Mfukoni alikuwa na barua ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka ya Kasongo, na kichwani alikuwa na maneno ya Estelle, mke wa Emile, aliyemngoja kwenye mlango wa ofisi asubuhi ya safari.

Estelle hakulia. Alisema, "Mama Inspekta, uniambie kitu kimoja tu. Nikae chini, ao ningoje?"

Célestine alimwelewa. Katika ukoo wa Sumaili mwanamke haketi kwenye mkeka wa matanga kabla maiti haijaonekana. Na wakwe zake walikuwa wameshasema kwamba hata ikionekana, mwizi hafanyiwi matanga. Maana kesho yake ile Jumanne, sanduku la hadubini lilifunguliwa mbele ya watu, na lenzi yake kubwa, ile inayokuza mara mia, haikuwemo. Basi nusu ya mji ilisema Emile ameiuza kwa wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila na kukimbilia ziwani. Nusu nyingine ilisema Jean-Pierre mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu amemuua, kwa kuwa waligombana mbele ya watu. Ukoo haukujua ulilie mtu au uone haya.

Kituo kilikuwa jengo refu la matofali, na maabara ilikuwa chumba cha mwisho, upande wa mlima. Véronique alisimama kizingitini akavua ndala.

"Unisamehe, mama. Hapa hakuna mutu anaingia na viatu. Ni sheria ya Emile. Vumbi."

Célestine alivua buti zake za safari, akaziweka pale pale vilipokutwa vile vya kijani. Alivitazama vidole vyake vya miguu, kisha akatazama njia ya nje, yenye kokoto kali za mawe yaliyosagwa.

"Na yeye alikuwa akitoka miguu mitupu?"

"Emile? Hata chooni hakwenda bila viatu. Alikuwa na miguu ya mutoto wa padri."

"Basi Jumanne hakutoka kwa mlango huu."

Véronique alimtangulia ndani.

Chumba kilikuwa safi kuliko vyote alivyoviona tangu Kasongo. Dirisha lilifunikwa kitambaa cheusi. Katikati palisimama meza mpya ya simenti, imara, imetoka ardhini kama kisiki. Juu yake palikuwa na bakuli jeupe la bati, lenye maji nusu. Ukutani ilibandikwa karatasi iliyopigwa muhuri wa ofisi ya afya.

"Hii ni nini?"

"Masharti ya mikroskope. Chumba kisipoyatimiza, hawaweki sahihi, na mikroskope inarudishwa kupelekwa pengine."

Célestine aliyasoma yote, taratibu, kama anavyosoma maelezo ya shahidi. Jua lisiingie moja kwa moja. Vumbi lisiwepo. Meza iwe mbali na bomba la maji na mashine ya kuzungusha damu. Umeme wa sola usirukeruke. Unyevu uwe mdogo. Meza isitikisike, hata mlango ukibamizwa. Mbele ya kila sharti Emile alikuwa ameweka alama ya kalamu ya buluu, ila mawili ya mwisho.

"Unyevu?"

"Mikroskope ya zamani ililiwa na kuvu kwa musimu mumoja wa mvua," Véronique alisema. "Vioo vyake vilikuwa kama jicho la muzee. Wagonjwa wa usingizi, wa malale, walikuwa wanapita hapa, tunawatazama, hatuoni kitu katika damu, wanarudi kulala, wanakufa. Hii mupya ilipokuja, Emile alisema lenzi kubwa haitalala ndani ya sanduku mpaka chumba kikauke. Akaitia katika chupa ndogo ya dawa, na mchele wa kukaanga ndani, akawa anaibeba mufukoni mwa shati. Alisema joto la mutu linafukuza unyevu."

"Uliwaambia watu hivyo?"

"Niliwaambia wote. Walisema niko namtetea kwa sababu tulikuwa tunakula sahani moja."

Célestine aliandika. Alipo Emile, ndipo ilipo lenzi. Hapo palikuwa pamefutika wizi, lakini hapakuwa pamepatikana mtu.

"Na hili bakuli?"

Véronique alivuta daftari kutoka chini ya meza, daftari la shule lenye kona zilizokunjika. Akaeleza. Meza isiyotikisika haipimwi kwa mkono, maana mkono nao unatikisika. Unaweka bakuli la maji, unayatazama dakika kumi asubuhi saa kumi na mbili, dakika kumi adhuhuri, dakika kumi jioni saa kumi na mbili. Maji yakitulia siku kumi na nne mfululizo, hadubini inatoka sandukuni. Emile alianza siku nane kabla ya kutoweka, na kila siku maji yalitetemeka. Ndiyo maana aliamua kuvunja sakafu, achimbe mita moja kwenda chini, apandishe nguzo kutoka ardhini iliyo ngumu, meza isiguse sakafu hata kidogo.

"Na baada yake, nani aliandika?"

"Mimi. Alisema siku zisikatike." Alitazama pembeni. "Nilidhani atarudi aulize."

Célestine aliinama juu ya bakuli. Ilikuwa yapata saa tisa. Nje hapakuwa na sauti, mashine ya Jean-Pierre ilikuwa imefungwa tangu mwenyewe alipokamatwa kwa tuhuma ya mauaji na kutiwa kashoni. Alihesabu pumzi zake. Kisha, katikati ya maji, duara dogo likazaliwa, likapanuka hadi ukingoni, likafa. Likaja jingine.

Alilitazama daftari tena, akalifunga, akalichukua.

*

Kasho ilikuwa chumba cha udongo nyuma ya ofisi ya polisi. Polisi wa zamu alikuwa anachambua maharage kwenye kofia yake.

"Kasongo wanaume waliisha, mama?"

"Wako. Walikuwa na kazi ya maana, ndiyo nimetumwa mimi kwa kazi yako."

Polisi alicheka, akafungua mlango.

Jean-Pierre alikuwa mtu mnene, na aliitika salamu kwa sauti iliyowarusha kunguru juu ya paa.

"Unanipigia kelele, papa?"

"Hii ni sauti yangu ya ibada! Miaka tisa na mashine, masikio yalikufa. Hata bibi yangu wa ndoa nikimwomba chumvi, majirani wanakuja kuamua."

"Emile ulimwambia utamsaga pamoja na mawe."

"Nilimwambia. Na bibi yangu namwambia vilevile. Alikuja Ijumaa ile, anasema mashine yangu inatikisa maji yake. Mimi niko na njaa, yeye iko na bakuli. Tukasemana. Lakini Jumatatu alirudi, akaniletea ndizi. Akasema, 'Papa Jean-Pierre, unisamehe. Jana mashine yako ililala, na maji yangu yalitetemeka bado. Si weye.' Niliwaeleza hawa. Walisema mufu ndiye shahidi wangu."

Célestine alifungua daftari. Jumapili, kwa mwandiko wa Emile: *Mashine ya J-P imefungwa. Maji yanatetemeka, asubuhi na mchana.* Akageuza ukurasa, penye mwandiko wa Véronique.

"Emile alipotea Jumanne. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, weye ulisaga?"

"Kutwa. Nilikuwa na mawe mpaka njiani."

"Daftari linasema siku hizo tatu maji yalitulia kama yamelala. Jumamosi asubuhi ulikamatwa, mashine ikafungwa. Jumamosi hiyo hiyo adhuhuri, maji yakaanza tena. Na leo nimeyaona kwa macho yangu."

Kwa mara ya kwanza Jean-Pierre alijitahidi kunong'ona, ikawa sauti ya mtu wa kawaida.

"Siku tatu kamili?"

"Tatu. Kuanzia Jumatano."

"Mama, hiyo ni nyundo inalala."

"Nieleze."

"Ni desturi yetu ya mlima huu. Shimo likimeza mutu, hakuna anayepiga nyundo ndani yake siku tatu. Hata kama mwenye shimo iko na haraka gani. Ukipiga, unampiga aliye chini. Mimi najua sana, kwa maana shimo likilala, mawe hayanijii."

"Wiki ile lililala shimo gani?"

"Ndiyo najiuliza." Alihesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Hapa mashimo ni kumi na moja. Yote kumi na moja yaliniletea mawe Jumatano mpaka Ijumaa. Hakuna lililolala. Hakuna lililomeza mutu."

Célestine alifunga daftari.

"Basi liko la kumi na mbili," alisema. "Nalo halikuletei mawe kwa sababu halitaki kuonekana."

*

Asubuhi ya Jumanne, saa kumi na mbili, alivua buti na kutazama bakuli dakika kumi. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Akatazama dakika kumi nyingine. Kisha akasogeza kitambaa cheusi na kuchungulia dirishani.

Hatua arobaini hivi kutoka ukuta wa maabara palikuwa na ua wa Gaston, mwenyekiti wa kamati ya afya. Katika ua kulikuwa na nyumba ya bati, na nyuma yake jiko jipya la nyasi lenye mlango wa mbao na kufuli. Mke wa Gaston alikuwa amechuchumaa chini ya upenu wa nyumba, mvua ya rasharasha ikimpiga mgongoni, anapuliza moto wa mafiga matatu. Nyasi za jiko zilikuwa za manjano, kama siku zilipokatwa. Hapakuwa na chembe ya masizi.

Gaston alikuja mwenyewe, kabla ya kuitwa, na kiti mkononi.

"Mama Inspekta, unasimama kama mgeni wa bahati mbaya. Keti." Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi. Alivua viatu bila kuambiwa. "Umeona meza yetu? Simenti ni yangu, mawe ni yangu. Nilisema Emile akirudi akute kazi imekwisha, aone haya kwa kutukimbia."

"Uliijenga lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Wakati watu wote wako porini wanamtafuta."

"Kila mutu alimtafuta kwa njia yake."

"Shimo lilikuwa na kina gani?"

"Mita moja, kama karatasi inavyotaka. Upana, tuseme, mutu anakaa ndani akikunja magoti."

"Ziliingia toroli ngapi za mawe?"

"Tano. Sita."

"Véronique alihesabu kumi na tisa."

Gaston alitabasamu. "Muuguzi anahesabu vidonge, mama. Mawe aachie sisi."

"Sawa. Tuachane na mawe." Aligusa ukingo wa bakuli. "Jumatano, Alhamisi, Ijumaa maji yalitulia. Kwa nini?"

"Kwa sababu meza ni nzuri. Hata leo yametulia, tazama mwenyewe."

"Na Jumamosi yalipoanza tena? Meza iliharibika?"

"Labda mvua. Labda mutoto aligonga ukuta."

"Na jana saa tisa? Mimi nilikuwa hapa. Yalitetemeka mbele yangu. Usiku nimelala mji huu, watu wamejua nimekuja, leo yametulia. Meza haijui kama nimekuja, Papa Gaston. Nani aliyepashwa habari?"

Mwenyekiti alitazama maji. Hakuna kilichotikisika, wala uso wake.

"Nyumba ya afya inataka mikroskope," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuiomba. Watu wangu wanakufa na usingizi. Unafikiri naweza kuharibu?"

"Uliandika kuiomba. Hukujua kwamba itaomba sakafu ivunjwe." Célestine alivuta kitambaa cheusi. "Jiko lako jipya lina kufuli."

"Kuku."

"Kuku wako wanalala bila kutoa sauti. Na bibi yako anapika mvuani."

Gaston alisimama, akavaa viatu vyake ndani ya chumba, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya humo, akatoka. Kiti akakiacha.

Célestine alimwita polisi wa maharage, akamweka kwenye njia ya ua ule. "Jiko lile mutu asiingie. Mwenyekiti asivuke mto."

*

Wanaume wawili waliomsaidia Gaston kujenga meza Véronique aliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa ameondoka kwenda Salamabila Jumamosi. Wa pili, Heri, hakuweza kushika usukani wa pikipiki wala mpini wa jembe. Alikuwa anakuja kituoni kila siku ya pili kubadilishiwa bendeji.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono miwili mbele yake juu ya taulo. Véronique alikuwa anazungusha kitambaa polepole, na kilipotoka cha mwisho Célestine aliona vidole. Kucha sita hazikuwepo.

"Nini kilikukuta?"

"Jiwe liliniangukia, mama."

"Jiwe moja, kucha sita, mikono yote miwili."

Heri alijaribu kuficha vidole chini ya taulo.

"Ulikuja lini mara ya kwanza?"

Véronique ndiye aliyejibu. "Jumatano, alfajiri. Kabla sijafungua mlango."

"Kabla ya kujenga meza," Célestine alisema. "Sasa, Heri. Mimi sikuulizi kama uliua. Mutu aliyeua haondoki na mikono kama hiyo. Nakuuliza ulikuwa unachimba wapi kwa vidole."

Dawa ilimiminwa, kijana wa watu akakunja uso, lakini hakulalamika. Véronique alikuwa ameacha kuzungusha bendeji.

"Tuko watu watano," Heri alisema. "Shimo linashuka ndani ya jiko la Pedeje." Hilo ndilo jina wachimbaji wanalompa mwenye shimo. "Mshipa wa dhahabu unapita hapa chini ya labo, hii maabara ya Emile. Jumanne ile mtarimbo wa Emile ulitoboa dari letu. Tuliona mwanga. Akachungulia, akauliza, 'Muko wangapi hapo chini?' kama mutu anayehesabu wagonjwa. Pedeje alikuwa nasi. Akamwambia, shuka tuongee, huko juu watasikia. Akashuka na kamba yetu."

"Miguu mitupu."

"Miguu mitupu. Akatuambia nyumba ya wagonjwa itaanguka ndani, lazima aandike Kasongo. Pedeje akasema, kwanza njoo uone miti yetu ya kushikilia dari, ni imara. Emile akatangulia mbele kutazama. Alipapasa dari kwa mkono, namna hii. Udongo ule alikuwa ameulegeza mwenyewe na mtarimbo siku mbili. Ukashuka kati yake na sisi."

"Alikufa hapo?"

Heri alitikisa kichwa.

"Tulimsikia. Alikuwa anagonga jiwe kwa jiwe. Tatu, anapumzika. Tatu, anapumzika. Nilichimba. Wenzangu walichimba. Pedeje akasema tukitoa ule udongo sakafu yote itakuja, na mashine za serikali zitakuja, na shimo litafungwa, na sisi gerezani. Akatutoa mmoja mmoja. Mimi alinivuta mguu. Yeye ndiye aliyetangulia juu kufunika shimo la Emile na mbao. Alfajiri akatuita kubeba mawe."

"Jumatano asubuhi mlipomwaga mawe, alikuwa bado anagonga?"

"Sikusikiliza, mama," Heri alisema. "Nilikuwa naimba. Tuliimba wote wakati wa kumwaga."

Véronique alisimama. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akalichukua daftari mikononi mwa Célestine bila kuomba, akafungua ukurasa wa Jumanne ile. Alikuwa ameweka bakuli sakafuni jioni ile, kando ya zile mbao, kwa sababu meza haikuwepo bado. Aliweka kidole kwenye mstari wake mwenyewe: *Saa 12 jioni. Kidogo sana. Inaacha. Inarudi. Inaacha.*

"Hii ilikuwa nini?" aliuliza.

Célestine alikuwa ameusoma mstari ule mara nne tangu jana.

"Ilikuwa yeye," alisema.

Véronique hakulia mbele ya mgonjwa. Alimaliza bendeji ya Heri, akaifunga fundo, akakata ncha kwa mkasi, kisha akaketi sakafuni kwenye kona, mkasi bado mkononi.

"Kitu kimoja," Célestine alimwambia Heri. "Zile siku tatu. Gaston aliwaruhusu?"

"Alitutukana mpaka mama zetu. Alisema nyundo ikilala watu watajua. Tukamwambia, jina lake tutalinyamazia kama unavyotaka, lakini kupiga juu yake hatupigi. Hata leo sijui kwa nini jambo hilo tuliliweza na lile jingine halikuwezekana."

*

Jumatano asubuhi Jean-Pierre aliletwa kutoka kashoni, na badala ya kwenda kwake alikwenda kuchukua nyundo kubwa mbili na watu wake wanne. Wote walivua viatu mlangoni. Hakuna aliyewaambia.

Meza ilivunjika baada ya saa moja. Walitoa mawe kwa karai, na Véronique aliyahesabu kwa sauti hadi walipofika chini ya mita moja, ambapo ardhi ngumu ilipaswa kuwa. Haikuwepo. Mawe yaliendelea kushuka. Jean-Pierre alijifunga kamba kiunoni akaingia mwenyewe, na kwa muda mrefu walisikia tu kwamba hapigi kelele.

Emile alikuwa ameketi nyuma ya udongo ulioporomoka, mgongo ukutani, hatua mbili kutoka pale mawe yalipoishia. Udongo haukuwa umemgusa, wala mawe hayakumfikia. Katika mkono wa kulia alikuwa na jiwe la ukubwa wa yai, limelika upande mmoja. Mfukoni mwa shati ilikuwamo chupa ndogo ya dawa, kizibo kimekazwa, mchele umejaa hadi shingoni. Célestine alimwaga mchele juu ya karatasi. Lenzi ilitoka. Véronique aliinua kioo chake kuelekea mlangoni, akafunga jicho moja, akakitazama kwa muda.

"Haina kuvu," alisema.

Gaston alikuwa kwenye ua wake, kwenye kiti kingine, shati limepigwa pasi. Polisi alipomshika mkono aliuliza kama anaweza kufunga nyumba. Célestine alimwambia nyumba ibaki wazi. Ufunguo wa jiko aliuomba, naye Gaston akampa, pamoja na wa sanduku la pesa za kamati.

Maiti ilibebwa kwa tipoi, machela ya miti, wanaume wakipokezana, hadi Wamaza, na kutoka pale kwa gari la misheni. Ilifika Kasongo Alhamisi jioni. Emile Sumaili alizikwa Ijumaa, na jina la mwizi halikutajwa tena, ingawa hakuna aliyeomba radhi.

Estelle ameketi kwenye mkeka tangu siku ile. Daftari liko parke, limefungwa kwa kamba nyekundu. Maabara ya Kitamuna haina sakafu. Hadubini imo katika sanduku lake, lenzi zote zimo, nayo inapelekwa pengine, na wagonjwa wa usingizi wa mlima ule bado wanabebwa kwa baiskeli hadi Kasongo, siku mbili.